Shimizi la Mama Dirishani

(Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi mbele ya wapiga picha wenzangu. Mliokaa nyuma mlilalamika spika ilikuwa inakatakata, haya nimeiandika yote kama nilivyoongea, sijaipiga pasi.)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wengine mambo vipi. Mwenyekiti kasema nina nusu saa, sasa mwenyekiti ananijua, hilo tuliache.

Nataka nianze na shimizi. Mnaocheka huko nyuma najua hata hamjui ni nini, shimizi ni ile nguo nyepesi mama zetu walikuwa wanavaa ndani ya gauni ili wakisimama mlangoni jua lisionyeshe miguu. Sasa hebu vuteni picha: shimizi limebandikwa kwenye kioo cha dirisha, jua linatokea nje linapita katikati ya kitambaa, unaona lesi, unaona vikanda vya mabegani, unaona pale kifuani kitambaa kilivyozoea umbo la mtu, ila mtu mwenyewe hayupo. Mwenye shimizi alifariki Desemba mwaka 2000. Aliyelibandika pale dirishani ni binti yake, anaitwa Ishiuchi Miyako, kazaliwa 1947, na ndo huyo niliyekuja kumwongelea. Wajapani wanatanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Ishiuchi ndo ukoo, na hata huo ukoo una stori yake, nitafika.

Kwa nini huyu, wakati Japani imejaa mafundi wa kamera wenye majina makubwa kuliko yeye? Kwa sababu sisi humu ndani tuna ugonjwa mmoja, tunapenda tukio. Tunangoja bibi harusi aingie, tunangoja mgeni rasmi akate utepe, tunangoja gari lipinduke halafu tunakimbia na lensi ndefu. Huyu mama karibu miaka 50 sasa anapiga kilichobaki baada ya tukio kuondoka. Ukuta, kovu, nguo, kiatu. Na watu wanasimama mbele ya hizo picha wanalia, sijui kama kuna mtu amewahi kulia mbele ya picha yangu ya kukata utepe.

Kazaliwa Kiryu, mkoa wa Gunma, mji wa wafumaji wa hariri. Alipokuwa na miaka sita wazazi wakahamia Yokosuka, na huu mji ndo uliomharibu na kumtengeneza kwa wakati mmoja. Yokosuka ni bandari ya kijeshi, baada ya vita mwaka 1945 Wamarekani wakaichukua wakaweka kambi ya jeshi lao la majini, na mpaka leo wapo. Sasa wewe ni mtoto wa kike unakulia pale, kuna mitaa ya baa za mabaharia ambayo kila mtu mzima anakwambia usipite, kuna mambo yanasemwa kwa kunong'ona kuhusu wasichana waliokutwa na masahibu, nyumba yenu ni chumba kidogo kwenye jengo la kupanga. Alikaa pale mpaka miaka 19 na alikuwa anauchukia ule mji kutoka moyoni, hafichi.

Akaenda chuo cha sanaa cha Tama, Tokyo, na akaishia kwenye ufumaji na upakaji rangi vitambaa, siyo picha. Chuo chenyewe hakumaliza, ilikuwa ile miaka ya mwisho wa sitini wanafunzi wa Japani wanafunga vyuo kwa migomo. Kamera ilimkuta baadaye kabisa, katikati ya miaka ya sabini, tena kwa vifaa vya rafiki, hakusoma popote. Hapo alipoanza kuonyesha kazi akaacha jina alilozaliwa nalo, akachukua jina la mama yake la usichana. Ishiuchi Miyako ni jina la mama yake. Lote. Yani mama alikuwa bado yupo hai anapika jikoni, na jina lake la ujana linazunguka kwenye maonyesho Tokyo limevaliwa na binti yake. Mimi nilipoisoma hii nilicheka halafu nikanyamaza, kwa sababu haya mambo ya kuvaa kitu cha mama hayakuanza na lile shimizi.

Sasa akiwa na kamera akarudi wapi? Yokosuka. Palepale. Baba yake alikuwa amemwekea hela za harusi, binti kazichukua hela za harusi akanunulia filamu na karatasi na dawa, akajitengenezea chumba cha giza kwenye nyumba ya wazazi. Naona kina mama mmeshika vichwa, na mimi ningeshika. Akatembea mitaa yote aliyokuwa anaiogopa akapiga, na mwaka 1977 akafanya maonyesho Ginza, picha nyeusi na nyeupe, kubwa, chembechembe zimejaa kama mchanga umemwagwa kwenye karatasi. Ile chembe siyo kosa la kiufundi jamani, aliitaka. Na yeye mwenyewe amewahi kueleza kwamba kuosha picha kulimrudisha kwenye kutia rangi vitambaa, ni mikono ileile inayoingia kwenye maji yaleyale ya dawa, unachovya, unangoja, unatoa kimelowa unaning'iniza. Kwa hiyo ukitazama picha zake za Yokosuka usiangalie mtaa tu, angalia karatasi yenyewe ina ngozi.

Ngozi ndo neno. Mwaka 1978 akatoa kitabu cha Apartment, majengo ya zamani ya kupanga ya wanyonge, kama lile alilokulia. Korido zenye balbu moja, rangi iliyobanduka ukutani, milango iliyoshikwashikwa mpaka ikabadilika rangi pale kwenye kitasa. Mwaka 1979 akapewa tuzo ya Kimura Ihei, mwanamke wa kwanza kuipata, na hii ni tuzo ambayo kwa wapiga picha wa Japani ndo yenyewe. Baada ya hapo akaingia kwenye majumba yaliyokuwa madanguro, maana sheria ya kupiga marufuku ile biashara ilianza kufanya kazi sawasawa 1958 na majumba yakabaki, mengine yamegeuzwa nyumba za wageni. Hakumpiga mtu. Kapiga kuta, vioo, vigae, ngazi. Ukiangalia unajua kabisa kuna watu walipita hapo.

Halafu akafikisha miaka 40. Hapo sasa akili yake ikafanya kitu ambacho mimi nakiona cha ajabu, wengine tukifikisha arobaini tunanunua shati la rangi kali, yeye akatafuta wanawake wenzake kama hamsini waliozaliwa 1947 kama yeye, akawapiga mikono na miguu. Nyayo. Visigino vilivyopasuka, sugu, kucha. Yani kutoka kwenye ukuta uliobanduka akahamia kwenye kisigino kilichopasuka na hujaona mshono, ni kazi ileile. Kutoka hapo akaingia kwenye makovu, ya upasuaji, ya ajali, ya moto. Huwa anasema kovu na picha ni ndugu, vyote ni alama ya kitu kilichopita ambacho hakitaki kuondoka. Hapo mimi nilimwelewa kuliko maelezo yote ya darasani.

Sasa mama.

Mama yake Ishiuchi alizaliwa 1916. Leseni ya gari alipata ana miaka 18, miaka ya thelathini hiyo, mwanamke, Japani. Akaendesha teksi Manchuria, kule kaskazini mashariki mwa China, wakati wa vita akaendesha malori ya jeshi. Mume wake wa kwanza akaenda vitani, ikaja taarifa kwamba amekufa, mama akaendelea na maisha, akapata mwingine, kijana mdogo kwake kwa miaka saba, akashika mimba, na mume akarudi. Hai. Ikabidi yule mama amlipe mume fidia ili waachane, na mimba yenyewe ndo huyu Miyako. Mnaona sinema hiyo? Na huyu mama hakuwa anaelewana na binti yake, hawakuwa wanaongea vizuri, ilikuwa nyumba ya kujibizana. Mwishoni mwishoni ndo wakaanza kusogeleana, binti akamwomba ampige picha lile kovu, maana mama aliwahi kumwagikiwa na mafuta ya moto jikoni na kovu likabaki mwilini. Mama akakubali. Muda mfupi baadaye kansa ya ini ikamchukua.

Baada ya msiba vikabaki vitu. Magauni unaweza kugawa, vyombo unaweza kugawa, ila nguo za ndani unampa nani? Meno ya bandia unampa nani? Kitana chenye nywele bado zimeshika? Kwetu tunajua hii habari, arobaini ikiisha wanakaa chini wakubwa wa ukoo wanagawa nguo za marehemu, shangazi anachukua kitenge, mdogo mtu anachukua khanga mbili, halafu kuna kifurushi kidogo hakifunguliwi mbele za watu, dada mmoja anakichukua kimyakimya anaenda kukichoma nyuma ya nyumba. Kwetu kilichomwa. Nilisimama nikatazama moshi na kamera ilikuwa ndani kwenye begi na haikunijia hata kidogo kwamba pale ndo palikuwa na picha. Tuendelee.

Ishiuchi hakuchoma. Akakitoa kimoja kimoja akakipiga. Shimizi akalibandika kwenye kioo. Na hapa kuna kitu cha kiufundi wadogo zangu mkishike, maisha yote alikuwa mtu wa nyeusi na nyeupe, anaosha mwenyewe, ndo sahihi yake hiyo. Alipofika kwenye lipstiki za mama akaona haiwezekani. Lipstiki nyeusi na nyeupe inakuwa risasi. Akaingia kwenye rangi akiwa na miaka hamsini na kitu kwa sababu ya lipstiki zilizotumika nusu, zile zilizobonyea upande upande kufuata mdomo wa mama. Hakuna mtu aliyemshauri, hakuna kozi, kitu chenyewe ndo kilimlazimisha. Mwaka 2005 hizo picha zikapelekwa Venice Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa kule Italia, zikajaza banda zima la Japani, na watu wa mataifa yote ambao hawamjui huyo mama wala hawajui Yokosuka iko wapi wakawa wanatoka mle ndani wanafuta macho. Kila mmoja alikuwa na mama wake.

Nakwenda haraka kidogo maana naona mwenyekiti anaangalia saa.

Mwaka 2007 kampuni ya vitabu ikamwomba akapige Hiroshima. Alikuwa na miaka 60 na hakuwahi kukanyaga Hiroshima. Alikuwa anaijua kama sisi tunavyoijua, kwa picha za wengine, nyeusi na nyeupe, moshi, magofu, kuba lile lililobaki mifupa. Akaenda kwenye jumba la makumbusho ya amani, kule ghalani, kuna vitu kama elfu kumi na tisa vya watu waliokuwepo tarehe 6 Agosti 1945 saa mbili na robo asubuhi. Akafunguliwa maboksi. Na alichokikuta hakukitegemea: rangi. Maua. Vifungo vya urembo. Gauni zimeshonwa kwa mkono, nyingine mama kaipasua kimono yake ya zamani akamshonea binti, kola imepindwa kwa ustadi, mishono midogomidogo. Wakati wa vita serikali ilitaka wasichana wavae masuruali mabaya ya kazi, na kumbe ndani ya yale masuruali, chini kabisa karibu na ngozi, walikuwa wamevaa kitu kizuri. Wengi wao walikuwa wanafunzi waliotolewa shule kwenda kubomoa nyumba ili kutengeneza njia za kuzuia moto. Ishiuchi anasema alipoona gauni moja alijiona yeye ndani yake, kwamba angekuwepo siku ile labda ndo angevaa hilo.

Akazilaza juu ya meza ya kioo inayowaka taa kwa chini, nyingine akazipiga kwa mwanga wa kawaida, kamera ndogo ya filamu ya 35, mkononi, hamna tripodi, hamna mambo mengi. Mwanga ukipita kwenye kitambaa unaona tundu za moto, unaona doa, na unaona pia kwamba kitambaa ni kizuri. Wapo waliokasirika, kwamba Hiroshima haitakiwi kupendeza, unapambaje msiba. Mimi nimelifikiria hili sana na nasimama upande wake. Yule msichana asubuhi ile hakuvaa "ushahidi wa bomu", alivaa nguo aliyoipenda. Ukiipiga kama ushahidi tu umemuua mara ya pili, umemfanya aanze maisha saa mbili na robo. Picha zenyewe hazina maelezo marefu, zina namba na jina la aliyeitoa ile nguo kwa makumbusho, basi. Na kitabu chake kilichotoka 2008 akakiandika Hiroshima kwa hiragana, ile herufi laini ambayo zamani Wajapani waliita mkono wa kike, wakati dunia ya siasa ikiongelea bomu huwa inaandika kwa katakana, herufi za kona kona. Hata kwenye jina kabadilisha kitambaa.

Na hapa ndugu zangu kuna sehemu yetu ambayo huwa hatuisemi. Sehemu kubwa ya urani iliyotengenezea lile bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, kwa ndugu zetu wanaoongea Kiswahili hichihichi, chini ya kampuni ya Wabelgiji, na tani zaidi ya elfu moja za mawe yale zilisafirishwa mpaka New York mwaka 1940 zikawekwa ghalani kabla hata Wamarekani hawajazihitaji. Walichimba kwa mikono watu ambao hawakuambiwa ni nini. Nguo za waliokufa Hiroshima ziko kwenye maboksi zina namba, zinatunzwa, kila mwaka familia zinaleta nyingine kwa sababu wazee wanaisha, na kila mwaka Ishiuchi anarudi kupiga zilizofika. Sasa shati la mchimbaji wa Shinkolobwe liko wapi? Mimi sijaliona kwenye boksi lolote. Kama kuna mpiga picha humu ana ndugu Likasi au Lubumbashi, nikimaliza anitafute, siongei kwa utani.

Kingine cha haraka ni Frida Kahlo, yule mchoraji wa Mexico. Alikufa 1954, mume wake Diego Rivera akaamuru vitu vyake vifungiwe, vikakaa bafuni kwa miaka hamsini mpaka 2004. Mwaka 2012 wakamwita Ishiuchi, wiki tatu, ndani ya ile nyumba ya bluu. Wote tunamjua Frida wa maua kichwani, ila kwenye picha za Ishiuchi unakutana na viatu ambavyo soli ya mguu mmoja ni nene kuliko mwingine kwa sababu polio ilimpata utotoni mguu ukawa mfupi, na korseti za plasta alizovaa kushika uti wa mgongo uliovunjika kwenye ajali ya basi 1925, na soksi iliyotiwa kiraka. Kiraka kile, mimi ningekaa nacho siku nzima. Frida tajiri wa sifa dunia nzima kakaa jioni anashona soksi.

Tuzo anazo, Hasselblad 2014 yenye kroni milioni moja za Sweden, maonyesho makubwa makumbusho ya Getty kule Los Angeles 2015, Yokohama 2017, na 2024 walimpa tuzo Arles, Ufaransa. Siku hizi makazi yake ni Kiryu, kwenye mji wa hariri alikozaliwa, na hariri zenyewe kazipiga, zile za meisen za rangi kali ambazo wasichana wa zamani walivaa. Nazitaja haraka kwa sababu tuzo hazifundishi kupiga picha.

Ila hii ya mwisho lazima mwenyekiti univumilie. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilipiga Japani, mvua kubwa, na makumbusho ya jiji la Kawasaki yakaingiliwa na maji mpaka kwenye maghala ya chini. Kulikuwa na maelfu na maelfu ya vitu mle, na ndani yake kazi za Ishiuchi, picha alizoosha mwenyewe kwa mikono yake ujanani. Zikalala kwenye maji machafu. Wewe na mimi ikiharibika hadi diski moja tunalia kwenye grupu wiki nzima. Yeye akaenda kuziona. Karatasi zimejikunja, ngozi ya picha imevimba imebanduka, ukungu umeota juu ya chembe zilezile alizozitafuta kwa hela za harusi. Akatoa kamera, akazipiga moja moja.

Haya, maswali. Yule aliyecheka shimizi ndo aanze.